KBr inapata wapi mzunguko wake? Hesabu ya momenta ya mzunguko, hatua kwa hatua

Vijana wa chuo wanaorudi Lamu likizoni na kuniletea madaftari yao huwa hawana shida na nishati ya mmenyuko. Kinachowakwamisha ni mzunguko. Molekuli iliyoingia ilikuwa inazunguka polepole, iliyotoka inazunguka kwa fujo. "Mwalimu, huo mzunguko umetoka wapi?" Tuchukue mfano mmoja tuufikishe mwisho:

K + HBr → KBr + H

K ni potasiamu, HBr ni bromidi ya hidrojeni, KBr ni bromidi ya potasiamu, H ni hidrojeni. Huu ndio mmenyuko ambao wanakemia Taylor na Datz waliupima mwaka 1955 kwa kukutanisha miale miwili ndani ya ombwe, mmoja wa atomu za potasiamu na mwingine wa molekuli za HBr. Dudley Herschbach aliiendeleza sana njia hiyo, na mwaka 1986 akapata Nobel ya kemia pamoja na Yuan Lee na John Polanyi.

Hatua ya 1: Andika mizani

L + j = L′ + j′

Herufi j ni mzunguko wa molekuli yenyewe. L ni momenta ya mzunguko ya pande mbili zinazokaribiana, ikipimwa kutoka kitovu cha masi yao. Zenye alama ya ′ ni za baada ya mmenyuko. Zote ni vekta. Jumla haibadiliki, mgawanyo ndio hubadilika. Spini ya elektroni tuiache, ni ndogo mno hapa.

L ndiyo inayowatatiza wengi: kitu kinachokwenda moja kwa moja kina mzunguko gani? Simama gatini maji yakijaa, utazame mashua mbili zinazopishana, moja yaenda Shela, nyingine yarudi. Baharia wa hii amrushie wa ile kamba, waifunge. Kamba ikikaza, mashua zote mbili zitaanza kuzungukana, na hakuna aliyezisukuma upande. Mzunguko ulikuwemo tangu zilipokuwa zikija, kwa sababu mistari ya safari zao ilikuwa na nafasi kati yake. Nafasi hiyo tuiite b. Zingekuja uso kwa uso, b ingekuwa sifuri, na kamba isingezungusha chochote.

Hatua ya 2: Masi ya pamoja

Zidisha masi mbili, gawa kwa jumla yake. Kabla: K ni 39.1, HBr ni 80.9, kwa hiyo masi ya pamoja, μ, ni 26.4 u (u ni kipimo cha masi ya atomu). Baada: KBr ni 119.0, H ni 1.0, kwa hiyo μ′ = 1.0 u. Tazama namba hizo mbili vizuri kabla ya kuendelea. Jibu karibu lote limo humo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya L

L = μvb, ambapo v ni kasi ya pande mbili kukaribiana. Nimechagua v = 800 m/s na b = 0.3 nm, viwango vya kawaida kwa miale ya namna hii. Geuza u kuwa kilo kwanza (zidisha kwa 1.66 × 10⁻²⁷), wanafunzi wangu wakipata jibu la ajabu, naangalia hapo kabla ya pengine popote. Utapata 1.05 × 10⁻³² J·s. Gawa kwa ħ, kipimo cha asili cha mzunguko kwenye ulimwengu wa atomu, yaani 1.055 × 10⁻³⁴ J·s, na L ni takriban 100.

Vipi j? HBr kwenye joto la kawaida la chumba, hali yenye molekuli nyingi zaidi ni j = 3. Tatu mbele ya mia.

Hatua ya 4: Nani anaondoka, na anaweza kubeba kiasi gani?

Anayeondoka ni H. Hata ukimpa kasi ya 3000 m/s na b′ (nafasi ya b, sasa wakati wa kuondoka) ya 0.15 nm, L′ inafika 7 tu. Mwepesi hana pa kuiweka ile mia. Basi inabaki kwa KBr: j′ itakuwa kati ya 90 na 110, kutegemea vekta ndogo zinaelekea wapi.

Mwelekeo nao hurithiwa. L husimama wima juu ya mstari wa mwendo, na kwa kuwa j′ ni karibu L ileile, mhimili wa KBr nao unasimama hivyo. Kundi la Herschbach lilipima upangaji wa namna hii miaka ya 1970 kwa kuchepusha halidi za alkali (chumvi za jamii ya KBr) ndani ya uga wa umeme.

Hatua ya 5: Nishati inaruhusu?

Nishati ya kuzunguka ni Bj′(j′+1). B ni namba maalumu ya kila molekuli, na kwa KBr ni kama 0.081 cm⁻¹ (kipimo cha nishati). Weka 100: utapata takriban 820 cm⁻¹, yaani 9.8 kJ/mol. Nishati ya mgongano, ½μv², ni 8.4 kJ/mol tu. Pengo linalipwa na kifungo: kile cha KBr ni imara kidogo kuliko cha HBr, tofauti ikiwa chini ya 20 kJ/mol.

Sasa ongeza b hadi 0.5 nm. Mzunguko peke yake unadai kama 27 kJ/mol, na mfuko unakaribia kukauka. Ukizidisha b tena, mmenyuko unafungika hata kama atomu zimekutana. Kwangu mimi hili ndilo tunda la hesabu yote: momenta inaweza kufunga mlango ambao nishati ya mgongano na ya kifungo, zikijumlishwa, zingeonekana kuufungua.

Hatua ya 6: Kipimo cha haraka kwa mmenyuko wowote

Kwa A + BC → AB + C, tafuta

f = mA·mC / [(mA + mB)(mB + mC)]

Kila m ni masi ya atomu husika, na f ni sehemu ya L inayokwenda L′. 1 − f inakwenda j′. K + HBr (A ni K, B ni Br, C ni H) inatoa 0.004. Cl + HI → HCl + I inatoa 0.965: hapo hidrojeni ndiyo inayohama kati ya wazito wawili, na L inapita karibu yote kuwa L′. Fomula hii inaacha nje msukumo wa kifungo kinapokatika, kwa hiyo iamini f ikiwa karibu na 0 au 1 pekee, na hata huko, mmenyuko unaotoa nishati nyingi utaongeza mzunguko wake. F + H₂ → HF + H inatoa 0.475. Hapo weka kikokotoo chini, uandike programu ya kufuatilia njia ya kila atomu.