Kuku Anahema Saa 8 Mchana, Wewe Unakimbilia Dawa ya Mafua

Tangu kaskazi ianze kuvuma, simu ninazopigiwa mchana ni za aina moja: "Bwana mifugo, kuku wangu wameshikwa na mafua, wanahema midomo wazi, nimeshawawekea dawa." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoniuma. Dawa imewekwa kabla ya kuuliza, na mara nyingi kuku hana ugonjwa wowote. Amezidiwa na joto.

Juzi nilifika uani kwa mama mmoja mwenye kuku 50 wa mayai. Dirishani pakiti tatu tupu za antibayotiki. Kuku wamejilaza chini, mabawa wameyaachanisha na mwili, koo zinapwita. Chombo cha maji kilikuwa juani. Nilipochovya kidole, maji yalikuwa ya kumkandia mzazi, tena yamegeuka manjano kwa dawa. Tetea mmoja alisogea, akachovya mdomo, akatikisa kichwa, akaondoka. Mayai yalikuwa yameshuka kutoka 40 kwa siku hadi 24, mengine ganda laini kama karatasi. Dawa ile ilikuwa inawafukuza kuku kwenye maji, na maji ndiyo waliyoyahitaji.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na njia yake kubwa ya kulipunguza ni kuhema. Banda likikaribia nyuzi 30 anaanza; likipita 35, kuku mzito anaweza kufa mchana huohuo. Kuhema sana kunamtoa hewa ya kaboni ambayo mwili unaitumia kutengeneza ganda la yai, ndiyo maana ganda linakuwa jembamba. Akipata maji anakunywa mengi, kinyesi kinakuwa majimaji, na hapo mfugaji anarudi tena dukani, safari hii kwa dawa ya homa ya matumbo!

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Nenda bandani saa 3 usiku, jua limeshazama muda mrefu na banda limepoa. Zima tochi, simama kimya dakika 5, sikiliza. Kuku wa joto atakuwa ametulia kabisa, mdomo umefungwa. Mwenye mafua atakoroma gizani, atapiga chafya, na ukimmulika utaona ute puani au jicho limevimba. Ukisikia mkoromo, au ukaona kinyesi cha kijani na vifo vinafuatana, mwite mtaalamu asubuhi hiyohiyo. Huenda ni mdondo, yaani kideri, ambao hauna dawa, una chanjo tu, na chanjo yenyewe ichanjwe alfajiri, kamwe si mchana wa joto.

Sasa maji, maana hapa ndipo wengi mnapokosea hesabu. Kuku mmoja wa mayai hunywa karibu robo lita kwa siku. Joto likipanda anaweza kufika nusu lita. Kuku 50 ni lita 25. Ukiwawekea chombo kimoja cha lita 10 asubuhi ukaenda sokoni, saa 6 kimekauka, na ukirudi saa 10 unadhani umekuta ugonjwa. Weka vyombo vitatu, vyote kivulini, na ubadilishe maji saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10. Usiongeze juu ya yale ya moto. Mwaga, weka mapya. Kama tenki lako ni jeusi na bomba limelala juani, chota maji usiku uyahifadhi ndani kwenye ndoo au mtungi.

Chakula kiondoe saa 4 asubuhi, ukirudishe saa 11 jioni, kwa sababu kusaga chakula kunauongezea mwili joto saa ileile jua linapowaka. Lakini asubuhi wape mapema, saa 12, washibe. Kuku wasizidi 5 kwa kila mita moja ya mraba. Wale wanaoweka 10 kwa sababu "bado ni wadogo" wajue wadogo hao wanakua. Juu ya bati tandika makuti. Na usimwage maji ndani ya banda ukidhani unapoza: randa za sakafuni zikilowa, harufu ya mkojo itawachoma macho, na hapo mafua ya kweli yanapata mlango.

Ukifanya hivyo, siku mbili tatu kuhema kunapungua, na ganda hurudi taratibu.

Kama ulishawapa dawa, mayai yao usiuze wala usiwakaangie watoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, ukihesabu kuanzia dozi ya mwisho. Isome vizuri hiyo pakiti: nyingine zimeandikwa kabisa kwamba zisitumike kwa kuku wanaotaga.