Pekua majukumu yako kabla hujaandika

Vijana wa hapa Mbeya wanaotaka kuandika kwa malipo huniuliza waanze na kozi gani. Mimi nawaambia waanze na daftari. Andika kila jukumu ulilowahi kubeba: kuuza sokoni, ukonda, ukatibu wa kikundi, kuuguza mzazi. Yasiyolipwa yaandike pia. Mbele ya kila moja, cheo kiache. Andika ulikuwa unaongea na nani, na alitaka kusikia nini kabla hajaondoka.

Mimi nimeuza viazi Uyole. Mnunuzi wa lori la Dar es Salaam hana muda wa hadithi. Anauliza ni mbegu gani, vimechimbwa lini, gunia ni la kilo 100 au ni lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi. Ukizunguka, anahamia kwa jirani. Ndiyo maana nikiandika ombi la fedha la kikundi cha wakulima, kiasi na tarehe vinakaa juu kabisa.

Lakini ukatibu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ndio ulionijenga zaidi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na muhtasari unasomwa kwa sauti mbele ya wote. Ukisoma "baadhi ya wanachama wamechelewesha marejesho", kuna mama atasimama hapo hapo: "Baadhi ndio akina nani? Mimi nimelipa." Hata asiyejua kusoma ana haki ya kukataa neno lako.

Basi fanya zoezi hili. Isome kazi yako kwa sauti, na kila ukikuta "baadhi", "wadau" au "changamoto mbalimbali", jiulize huyo mama angesemaje. "Wakulima walikumbwa na changamoto za hali ya hewa" inakuwa "Mvua ilikata Machi, viazi vikiwa havijajaza." Hapo mkulima wa Umalila anajua unamsema yeye, na mfadhili anaelewa hasara imetoka wapi.

Kama umeuguza mtu, una kipaji cha mahojiano. Mimi nilimuuguza mama mkwe, nikajifunza kutomalizia sentensi ya mtu. Mzee wa Rungwe ukimuuliza habari za shamba, ataanza na salamu, aje kwenye ukoo, apitie migomba ya baba yake. Mwache. Jibu lenyewe mara nyingi linakuja ukishafunga daftari, kwa hiyo usiharakishe kulifunga.

Waliokuwa walimu wajihadhari na kurudiarudia. Darasani inasaidia, kwenye makala inachosha.

Ukiomba kazi, usijiite "mwandishi mwenye uzoefu mpana". Chama cha wakulima wa kahawa Mbozi kikitafuta mwandishi, nawe umewahi kukaa kwenye mizani ukiandika kilo za watu, anza na hilo kwenye mstari wa kwanza. Kisha ambatanisha ukurasa mmoja ulioandika kuhusu kahawa, na bei yako.