Soma udongo kwanza, ndipo uchimbe msingi

Nyumba ya kwanza niliyojenga Igunga ilipasuka. Masika ilipita salama, lakini kiangazi kilipokolea ufa ukaanzia kona ya dirisha la chumba cha watoto, ukapanda ngazi kwa ngazi kufuata viungio vya tofali hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango. Mama mwenye nyumba aliingiza kidole chake kidogo, kikapita. Zege lilikuwa zuri na saruji haikupunjwa. Kosa lilikuwa langu: nilichukua msingi niliouzoea kwenye udongo wa kichanga Tabora mjini, nikaupeleka kwenye udongo mweusi wa mbuga.

Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Ukipita upande wa bonde la Wembere kiangazi utaona ardhi imechanika nyufa ambazo fimbo inazama. Sasa fikiria kona moja ya nyumba inanyanyuliwa na nyingine inashuka, mwaka baada ya mwaka. Tofali halipindi, linapasuka.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata tofali moja, chimba shimo la kina cha mita moja na nusu kwenye kona mbili za kiwanja. Chukua udongo wa kila tabaka, uloweshe, uusokote kiganjani. Ukikatika hapo hapo, una mchanga mwingi. Ukisokotwa ukawa kamba nyembamba kama ya kiatu na bado haukatiki, huo ni mfinyanzi, kuwa makini. Angalia pia kama kuna kichuguu. Usikisawazishe juu juu ukajenga. Ndani kina mapango. Kifukue chote, mtoe malkia, kisha jaza moramu, yaani udongo wa changarawe, na ushindilie.

Kazi ya msingi ni kutawanya uzito. Aliyewahi kuvuka jaruba la mpunga anajua: mguu mtupu unazama, ukikanyaga ubao unavuka. Zege la chini ndiyo ubao wenyewe. Ukuta wa msingi wa tofali za kulaza una unene wa sentimita 23 hivi. Ukiukalisha juu ya zege la upana wa sentimita 60, uzito ule ule unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ila zege likiwa jembamba, kingo zake zitavunjika na upana wote umepotea bure. Mimi hufuata kanuni hii: kama halina nondo, unene wake usipungue kipande kinachochomoza kando ya ukuta. Hapo ni sentimita 18 na nusu kila upande, kwa hiyo namimina 20.

Kwenye kichanga kilichoshikana, mara nyingi kina cha mita moja kinatosha. Kwenye mbuga, chimba mpaka uipite, ukute changarawe au udongo mgumu usiobadilika. Ukifika mita moja na nusu bado ni nyeusi, acha kubahatisha, mwite mhandisi. Huenda akataka nguzo zishuke hadi kwenye udongo mgumu, zifungwe juu kwa mkanda wa zege lenye nondo. Gharama itapanda, najua. Kubomoa ukuta ni ghali zaidi, na yule mama nilimjengea upya upande mzima kwa nguvu zangu.

Chini ya mtaro wa msingi pawe bapa na pakavu. Mvua ikinyesha usiku, ondoa maji na tope lote asubuhi kabla ya kumwaga zege. Tope lililobaki litabonyea baadaye. Changanya ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga, sita za kokoto, na maji ya kiasi tu. Lifunike zege kwa magunia na ulimwagilie siku saba.

Ukishapandisha kozi za tofali, udongo mweusi uliouchimba usiurudishe ndani kama kifusi. Vijana wataurudisha kwa sababu uko karibu, wakatalie. Leta moramu, mwaga tabaka la sentimita 15, lowesha kidogo, shindilia, ndipo uongeze jingine. Nje, sakafia kando ya ukuta angalau mita moja, mteremko uelekee mbali na nyumba, na mwembe uupande mbali: mizizi yake hunyonya maji ya chini na kuukausha udongo upande mmoja.