Kukausha injini ya ndege iliyoegeshwa Tanga

Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege, wanataka injini isikae zaidi ya siku 30 bila kuruka. Kwa pwani yetu, siku hizo naziona nyingi mno. Chuma hushika kutu haraka unyevu wa hewa ukipita asilimia 60, na hewa ya Tanga mara nyingi iko juu ya hapo, tena ina chumvi. Kwenye injini zao nyingi kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo oili ikishachuruzika, kemshafti inabaki uchi. Lengo letu ni kushusha unyevu wa ndani chini ya asilimia 40.

Anza kwa kumwaga oili ya zamani, maana ina maji na tindikali. Weka mpya, ruka saa nzima oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, ndipo uegeshe. Kuwasha injini ardhini dakika 10 na kuizima si tiba: petroli ikiungua hutoa mvuke, na joto hilo halitoshi kuufukuza. Wala usizungushe propela kwa mkono, utafuta utando wa oili uliobaki.

Injini ikishapoa kiasi cha kugusika, andaa kikaushio: pampu ya hewa ya tangi la samaki, chupa pana yenye kifuniko kinachobana, silika jeli ya rangi (punje za kufyonza unyevu) kama kilo moja, mipira miwili na chujio dogo. Hewa iingie kwa mrija unaofika chini ya chupa, itokee juu baada ya kupita kwenye jeli yote.

Chujio likae kati ya chupa na injini. Hili usiliruke hata kama una haraka. Vumbi la silika ni gumu, na likichanganyika na oili linakwangua beringi na kuta za silinda. Utakuwa umezuia kutu kwa kuleta msasa.

Mpira wa kwanza uingie kwenye mdomo wa kujazia oili, ziba pembeni. Wa pili utoke kwenye bomba la kupumulia la injini urudi kwenye pampu, ili hewa ileile izunguke. Pampu nyingi za aina hii hunyonya hewa kupitia kitakoni, kwa hiyo iweke ndani ya kopo lililozibwa, mbali na petroli inayodondoka. Bomba la kupumulia likiwa na kitundu cha pembeni cha tahadhari, barafu isije ikaziba mdomo wake, kizibe kwa tepu.

Hewa hii haifiki vizuri juu ya pistoni. Toa plagi za juu, funga vizibo vyenye jeli, kisha ziba njia ya hewa na ekzosi.

Weka kipima unyevu kwenye mpira unaorudi. Jeli ya bluu ikigeuka pinki imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa kadhaa. Ina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na oveni isiwe ya chakula.

Funga kitambaa chekundu kwenye propela na kwenye usukani, andika idadi ya vizibo kwenye kitabu cha injini. Siku ya kuruka, hesabu vitoke vyote, bandua tepu, rudisha plagi, na fundi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) akague na kusaini. Bomba la kupumulia alichungulie mwenyewe: likibaki limezibwa, presha itaisukuma nje sili ya mbele ya krankishafti na oili itamwagika angani.