Ukiona X nyekundu ukutani
Ni alama ya nyumba inayolengwa kubomolewa, serikali ikitaka ardhi. Sisi tuliiona kwenye nyumba ya marehemu baba, Mariakani, kabla ya barua yoyote. Rangi si ilani. Ipige picha, kisha upekue Gazeti Rasmi la Serikali kila Ijumaa ukitafuta nambari ya ploti, tarakimu kwa tarakimu; yetu walikosea moja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, nia ya serikali kutwaa ardhi hutangazwa humo. Zikipita siku 30 hupangwa kikao cha kusikiliza wenye mali, kitangazwe siku 15 kabla, nawe upelekewe nakala. Dai la fidia liandike, lifike Tume ya Kitaifa ya Ardhi kabla ya kikao, nakala yako igongwe muhuri. Hati ingali kwa jina la marehemu? Anza mirathi leo. Mimi nilichelewa.