Kutafuta Chanzo cha Sailensi Inayoyumba katika Gari Dogo la Zamani

Injini ya petroli iliyokwisha kupata joto, ikiachwa bila kukanyagwa mafuta, kwa kawaida huzunguka mara 650 hadi 900 kwa dakika, mwendo unaoitwa sailensi, na kiwango kamili cha kila gari huandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Ikiwashwa ingali baridi inaweza kufika 1,200 au 1,500, kisha ikashuka yenyewe kadiri inavyopata joto, na hilo si kosa. Kwa hiyo uchunguzi uanze injini ikiwa na joto lake la kawaida, gia ikiwa huru, breki ya mkono imevutwa, kiyoyozi na taa vimezimwa, na gari likiwa mahali penye hewa ya kutosha kwa sababu moshi wa egzosi huua.

Jambo la kwanza ni kuutazama mshale wa kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika chache bila kugusa chochote. Mshale unaopanda na kushuka kwa mpangilio, mathalani kutoka 900 hadi 1,600 na kurudi tena na tena, mara nyingi unaashiria hewa inayoingia mahali pasipotakiwa. Injini inayotikisika bila mpangilio na kumisi ina silinda isiyochoma vizuri. Ile inayozimika unapokaribia kusimama, au mara tu kiyoyozi kinapowashwa, kwa kawaida inakosa hewa kwa sababu throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) au valvu ya sailensi (inayopitisha hewa throtoli ikiwa imefungwa) imejaa masizi. Anayeruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kununua sensa hununua nyingi kabla ya kuipata iliyoharibika, kama ipo.

Mshale unaopanda na kushuka unastahili maelezo zaidi. Katika magari mengi ya mfumo wa nozeli zinazonyunyiza mafuta, hewa ya pembeni, yaani hiyo inayoingia mahali pasipotakiwa, huongeza mwendo wa injini huku throtoli ikiwa imefungwa. Kompyuta ikiona mwendo umezidi wakati dereva hajakanyaga mafuta, huchukulia kwamba gari linateremka mlima na kukata mafuta, mwendo unaanguka, mafuta yanarudishwa, na mzunguko huo unaanza upya. Kompyuta inafanya kazi yake sawasawa, na kuibadilisha hakutaponya kitu.

Ili kuipata hewa hiyo, kagua kwanza kwa macho na vidole mipira yote iliyounganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa: ule mnene wa busta ya breki, ule wa kupumulia injini, na mirija myembamba ambayo kwa uzee hukauka na kupasuka kwenye pembe zake, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Usisahau bomba kubwa lililo kati ya sensa ya hewa na throtoli, ambalo mikunjo yake hupasuka na kufunguka pale tu injini inapojitingisha. Kisha, injini ikiwaka, bana mpira mmoja mmoja kwa koleo lisilo na meno makali. Ukibana na sailensi ikatulia, kasoro iko kwenye mpira huo au kwenye kifaa unachokilisha. Kwa gasketi ya manifoldi, nyunyizia maji kidogo kwenye ukingo wake, mbali na distributa na viunganishi vya umeme, usikilize mlio ukibadilika. Wako wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, nayo huonyesha haraka zaidi, lakini inashika moto, na sioni sababu ya kuinyunyiza karibu na egzosi yenye joto wakati maji yapo.

Ikiwa hakuna uvujaji, zima injini, fungua bomba la hewa na usafishe ukingo wa throtoli kwa kitambaa kilicholowa dawa, pamoja na njia ya valvu ya sailensi. Throtoli inayoendeshwa kwa mota isisukumwe kwa nguvu kwa kidole. Skrubu ndogo inayozuia throtoli isifunge kabisa iachwe ilivyo, kwani huwekwa kiwandani, na anayeikaza ili kuinua sailensi anaficha kosa na kuongeza lingine.

Kuna sababu moja inayosahauliwa sana, nayo ni kipozeo kilichopungua kwenye rejeta. Katika magari kadhaa ya zamani maji hayo hupita kwenye valvu ya sailensi. Yakichanganyika na hewa, valvu na sensa ya joto hudhani injini ni baridi, na sailensi hupanda au huyumba. Jaza maji injini ikiwa imepoa, utoe hewa, kisha upime tena. Sensa yenyewe hupimwa kwa mita: nyingi husoma takriban ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kushuka hadi kama 300 kwenye nyuzi 80.

Kwa injini inayomisi, chomoa kiunganishi cha nozeli moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ikichomolewa hakuna kinachobadilika ndiyo yenye hitilafu; hamishia plagi au koili yake kwenye silinda nyingine uone kama ugonjwa unaifuata.

Gari la kabureta lina njia fupi zaidi. Sikiliza kama valvu ya umeme ya kukata mafuta inalia tiki ufunguo unapowashwa, hakikisha choki imefunguka kabisa, kisha safisha jeti ya sailensi (kitundu kinachopitisha mafuta ya sailensi) kabla ya kugusa skrubu ya mchanganyiko.

Mashine ya kusoma hitilafu itumike baada ya haya yote. Kwenye gari linaloruhusu, tazama marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza: yakiwa zaidi ya asilimia 10 juu wakati wa sailensi, kisha yakishuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, rudi kutafuta hewa ya pembeni. Yakiwa ya kawaida na plagi zikiwa nzima, pima nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda na nafasi ya valvu (uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma), maana valvu iliyobanwa kupita kiasi huiyumbisha injini kwenye sailensi na kuiacha ikitulia pindi inapokanyagwa.