Oili na cheni kwanza: matunzo ya pikipiki unayoweza kufanya mwenyewe

Boxer, TVS, Haojue, SanLG na pikipiki nyingine za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na mizigo kila siku zina injini ya silinda moja, na nyingi hupozwa kwa hewa tu. Ni injini ngumu, zinavumilia mengi. Ila kuna mambo mawili hazisamehe: oili pungufu au iliyochoka, na cheni iliyosahauliwa. Kama una nusu saa tu kwa wiki, ipe oili na cheni.

Vifaa ni vichache: spana za 8 hadi 17, spana ya nati ya ekseli ya nyuma (pima yako, nyingi ni kati ya 19 na 24), spana ya plagi, bisibisi, rula, brashi, beseni na matambaa safi.

Oili

Kwenye gari la gia za kawaida, oili ya injini na ya giaboksi hukaa mbalimbali. Kwenye pikipiki hizi, oili moja inalainisha pistoni, gia na sahani za klachi. Ndiyo sababu oili ya gari haifai. Oili nyingi za magari ya petroli zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Sahani zikianza kuteleza, unapanda kilima injini inalia lakini pikipiki haisogei. Nunua kopo lenye unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki (mara nyingi 20W-50) pamoja na herufi JASO MA au MA2, yaani imepimwa kwa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa iache, maana huwezi kujua ni ya nini wala imekaa humo muda gani.

Kiasi huwa kati ya lita 0.9 na 1.2. Namba kamili iko kwenye kitabu, na mara nyingi imechongwa kwenye kifuniko cha injini. Usijaze kupita hapo ukidhani unaisaidia: oili ikizidi inasukumwa hadi kwenye chujio la hewa, na sili zinaanza kuvuja.

1. Washa injini dakika 3 hadi 5. Oili ya moto hutiririka na kutoka na uchafu. Zima.
2. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka beseni chini, fungua kifuniko cha juu kisha bolti ya chini. Angalia mikono, oili inaunguza.
3. Kama injini yako ina chujio la wavu nyuma ya kifuniko kikubwa chenye springi, litoe ulioshe kwa mafuta ya taa. Kumbuka springi ilikaa upande gani.
4. Ikishachuruzika yote, safisha bolti, angalia washa yake, ile pete ndogo inayokaa chini ya kichwa cha bolti (ikiwa imebonyea sana badilisha), kisha ianze kwa vidole. Kizimba cha injini ni alumini. Ukiivuta bolti kwa nguvu zote nyuzi zinang'oka, na oili itavuja hadi fundi wa kuchonga apatikane.
5. Mimina oili mpya, washa dakika 2, zima, subiri dakika 3, ndipo upime. Penye kioo, oili ikae kati ya alama mbili. Penye kijiti, kifute na ukiingize. Kwenye injini nyingi za aina ya CG (zilizoigwa kutoka Honda CG125) hakikazwi wakati wa kupima. Ukikikaza kinazama zaidi na kukudanganya kwamba oili inatosha.

Pikipiki mpya ibadilishwe oili mapema, kwenye kilomita 500 hadi 750 za mwanzo, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na kumwaga unga. Baada ya hapo, kwa kazi ya bodaboda yenye joto, vumbi na mzigo, kila kilomita 2,000 ni kipimo cha busara. Anayetembea kilomita 120 kwa siku anafika hapo kwa siku 17 hivi. Katikati ya hapo pima kila wiki, kwani injini iliyozeeka inakula oili bila kuvuja tone.

Itazame oili unayoitoa. Weusi ni kawaida. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Usiiwashe tena kabla fundi hajaifungua.

Cheni

Wengi huipaka cheni oili chafu iliyotoka kwenye injini. Oili hiyo ina masizi na unga wa chuma, hivyo inasaga pini badala ya kuzilinda. Ioshe cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ifute, ipake oili ya gia namba 90 upande wa ndani huku ukizungusha tairi kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Vidole vimekatika kwa kufanya hivyo injini ikinguruma.

Kupima ulegevu, shika upande wa chini wa cheni katikati ya sproketi mbili (magurudumu ya meno yanayoizungusha), inua na ushushe. Mwendo wote uwe milimita 20 hadi 30, isipokuwa kitabu chako kinasema vingine. Pima sehemu tatu nne, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, na urekebishe kwa kufuata sehemu inayobana zaidi. Cheni iliyokazwa mno ndiyo inayoleta hasara ya kimyakimya: ukipakia abiria inazidi kuvutika, inakula beringi ya shafti ya giaboksi, na oili inaanza kutoka nyuma ya sproketi ndogo. Iliyolegea inaruka, na ikijisokota inaweza kufunga tairi ukiwa kwenye mwendo.

Legeza nati ya ekseli, zungusha nati za kurekebishia robo robo, kushoto na kulia zisomeke alama ileile, kaza ekseli, kisha pima tena. Hapa wengi husahau jambo moja: ukisogeza tairi nyuma, fimbo ya breki ya nyuma nayo imevutika. Rekebisha breki upya, pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika.

Kujua kama cheni imekwisha, ivute inyooke na upime kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Cheni mpya ya saizi 428 inasoma milimita 254. Ikifika 259, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyolala kama ndoana haidumu. Klipu ya kiungio iwekwe mdomo wake ukielekea kinyume cha mwendo wa cheni.

Mengineyo

Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke, lipakwe oili kidogo. La karatasi halioshwi. Plagi ya rangi ya kahawia iko sawa. Nyeusi kavu, anza na chujio la hewa. Nyeusi yenye oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Upepo, tairi zikiwa za baridi: mbele karibu PSI 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria.

Ukimaliza kazi yoyote kwenye tairi au breki, sukuma pikipiki kwa mkono na ukanyage breki mara kadhaa. Kisha endesha polepole mita mia bila abiria, urudi kukagua nati ya ekseli na bolti ya oili.